Adabu ya Barabara na Wajibu wa Mwenye Nguvu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri imetupa heshima ya kusema nanyi juu ya jambo lililomo ndani ya hesabu za chama hiki kila mwaka, ingawa halina ukurasa wake lenyewe. Mkikifungua kijitabu hiki mtaona fungu la misiba na fungu la wagonjwa. Fedha za mafungu hayo hununua sanduku, hukodi gari la kumrudisha marehemu nyumbani, hulipa hospitali, na kumsaidia karo mtoto aliyeachwa. Mara nyingi husemwa kwamba maradhi ndiyo yanayotumaliza. Lakini barabara nayo ina mkono wake katika mfuko huu, na mkono huo hauzungumzwi.

Katika miaka ya karibuni watu zaidi ya 4,000 wamekufa kila mwaka katika barabara za Kenya kwa hesabu za Serikali. Katika idadi hiyo, kundi kubwa kuliko yote ni la watu waendao kwa miguu. Tuseme wazi: wanaouawa zaidi ni wale ambao hawakushika usukani wala kukalia tandiko. Na duniani kote, kwa taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023, watu wapatao 1,190,000 hufa barabarani kila mwaka, na zaidi ya nusu yao ni waendao kwa miguu, wapanda baisikeli na wapanda pikipiki.

Sisi tunaokaa kando ya barabara itokayo Kisumu, ikapita Maseno, Luanda, Yala, Ugunja na Bumala hata Busia, hatuhitaji kusafiri mbali ili kuyaona mambo haya. Njia ile ile moja hubeba lori liendalo Uganda, matatu, pikipiki, baisikeli yenye gunia, mtoto aendaye shule na bibi arudiye sokoni. Wote hawa wanagombania lami nyembamba, na ugomvi wao umegeuka kuwa uadui. Tumeona yafaa tuusikilize kama wazee wasikilizavyo shauri, maana mwamuzi hakati neno kwa kusikia upande mmoja.

Dereva asema hivi: wapanda baisikeli hawana adabu. Hukata mbele ya gari bila kutoa mkono. Hujipenyeza upande wa kushoto wa matatu wakati abiria wanashuka. Huenda wawili wawili sambamba wakizungumza, na usiku hutokea gizani bila taa wala nguo nyeupe.

Mpanda baisikeli ajibu: dereva hupiga honi tangu mbali kama afukuzaye mbuzi shambani, wala hatoi nafasi. Mahali pengi ukingo wa lami umeliwa na mvua hata umekuwa kama ngazi. Anayesukumwa kushuka pale huanguka pamoja na mzigo wake. Tena magari huegeshwa katika kijia cha pembeni, naye hulazimika kurudi katikati ya lori na lori.

Mtembea kwa miguu naye asema: huyu mwenye baisikeli aliaye kwa sababu ya lori, afikapo sokoni huingia katika kijia chetu kwa kasi. Kengele yake imekufa, breki zake ni soli ya kiatu, na mama mwenye kikapu kichwani ndiye atakiwaye kuruka mtaroni.

Malalamiko yote matatu ni ya kweli. Ubaya huanza pale kila mmoja anapolichukua kosa la mwenzake na kulifanya kibali cha kosa lake mwenyewe. Dereva husema, "Hawa hawana taa, basi na wajihadhari." Mwenye baisikeli husema, "Lori halinijali, basi nami nitapita nipatapo." Na mwisho wa mazungumzo hayo twaujua sote: ni kuchanga.

Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Hilo ni shauri jema sana, na kila mzazi na amfundishe mwanawe. Haki ya kupita haimsaidii maiti. Lakini yafaa tuulize: shauri hili aliambiwa nani? Aliambiwa mnyonge, ili aiokoe nafsi yake. Mwenye nguvu hakupewa ruhusa yoyote ndani yake. Barabarani methali imepinduliwa: mwenye gari ameishika kana kwamba ni sheria iliyotungwa kwa ajili yake, na kila asiyempisha amejitakia. Hivyo sivyo tulivyolelewa. Katika mila zetu mtu mwenye mkuki apitaye katikati ya watu ndiye huangalia ncha yake inaelekea wapi. Haulizwi mtoto kwa nini hakuuona mkuki.

Kwa hiyo neno letu la leo ni moja: wajibu wa mtu barabarani na upimwe kwa madhara awezayo kumtenda mwenzake.

Na tuyapime. Baisikeli pamoja na mwenyewe na gunia la mahindi hazifiki kilo 200. Motokaa ndogo hupita kilo 1,000. Lori lenye tela, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, laweza kufika kilo 56,000. Sasa tazameni mwendo. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa mwendo katika miji na vituo vya biashara, hukata mita 14 katika sekunde moja. Tangu dereva amwone mtoto hadi gari lisimame, hata kama breki ni nzuri na barabara ni kavu, litakuwa limekwenda mita 28 hivi. Likienda kilomita 80 kwa saa, litahitaji karibu mita 57, yaani mara mbili na zaidi. Shirika la Afya Duniani husema kwamba mwendo wa wastani wa magari ukiongezeka kwa sehemu moja katika mia, hatari ya ajali ya kuua huongezeka kwa sehemu nne katika mia. Basi dereva anayepita soko la Luanda kwa haraka ameamua jambo juu ya maisha ya watu ambao hawakuulizwa.

Lakini mizani hiyo hiyo hairuhusu mpanda baisikeli akae katika kiti cha mlalamikaji peke yake. Mbele ya lori yeye ni mnyonge. Mbele ya mzee mwenye bakora yeye ndiye lori. Kijana aendaye kilomita 20 kwa saa hukata zaidi ya mita 5 kwa sekunde, na mfupa wa nyonga wa mzee hauhitaji tani 56 ili uvunjike. Ambaye jana alisukumwa nje ya lami, leo asimsukume mwingine nje ya kijia. Akiingia mahali pa watu, apunguze mwendo. Watu wakisongamana, ashuke aikokote baisikeli yake. Hapo ndipo malalamiko yake juu ya madereva yatakuwa na uzito.

Mtu asidhani kwamba twaidharau baisikeli. Chombo hiki kimetujenga. Kimebeba maziwa, samaki, maji na mkaa. Kimempeleka mgonjwa zahanati kabla gari halijafika vijijini. Hata neno bodaboda, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa huku kwetu mpakani Busia katika miaka ya 1960, wapanda baisikeli walipokuwa wakiwavusha watu toka mpaka hadi mpaka. Wana wetu wengi sasa wamehamia pikipiki, na pamoja na injini wamepata mwendo na uzito mkubwa zaidi. Kwa kipimo chetu, wajibu wao nao umeongezeka, wala haukupungua kwa kuwa wanatafuta riziki.

Tunajua kuna watakaosema, ajali haina kinga. Tuliisikia methali hii mara nyingi baada ya msiba wa Londiani. Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, kaunti ya Kericho, lori liliacha njia yake likawagonga watu na magari kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Miongoni mwao walikuwamo wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao na watu waliokuwa wakingoja usafiri. Kwa heshima ya wale marehemu, tusiifanye methali kuwa blanketi la kufunikia uzembe. Soko lililojengwa mbali na lami ni kinga. Breki zilizokaguliwa kabla ya mteremko ni kinga. Matuta mbele ya shule ni kinga, na taa ya baisikeli ni kinga. Ajali isiyo na kinga ni ile ambayo watu wamekwisha kufanya yote yawezekanayo, nayo ikaja. Sisi bado hatujafika huko.

Tena tusidhani kwamba mataifa mengine yalizaliwa na adabu hii. Uholanzi, nchi inayosifiwa leo kwa baisikeli zake, mwaka 1971 ilipoteza watu zaidi ya 3,000 barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi walikasirika. Katika miaka ya 1970 waliungana, wakaandamana, wakaiambia serikali yao kwamba watoto hawawezi kuwa bei ya mwendo wa motokaa. Njia za baisikeli zikatengwa na barabara za magari, mwendo ukapunguzwa mitaani, na siku hizi idadi ya wanaokufa huko kwa mwaka haifiki 1,000. Sheria yao pia husema kwamba gari likimgonga mpanda baisikeli au mtembea kwa miguu, kwa kawaida mwenye gari ndiye hubeba fidia, isipokuwa athibitishe kwamba tukio halikuweza kuepukika kwa upande wake. Mwaona kwamba nao wameupima wajibu kwa uzito. Na waliolianzisha jambo hilo walikuwa wazazi na majirani, watu kama walioketi katika ukumbi huu.

Basi, wanachama wenzetu, twaleta mbele yenu mapendekezo matatu, tukiomba myafikirie na kuyakatia shauri.

La kwanza lawahusu wanachama wenye baisikeli na pikipiki pamoja na vijana wa nyumba zao. Kila baisikeli iwe na taa nyeupe mbele, kioo chekundu cha kurudisha mwanga nyuma, kengele inayolia na breki zinazoshika. Mpanda baisikeli aende upande wa kushoto pamoja na magari, asiende akikabiliana nayo. Atoe mkono kabla ya kukata. Asishike nyuma ya lori apandapo mlima. Mzigo usipanuke hata kuziba njia ya wengine. Na chama kiruhusu mwanachama asiye na uwezo akopeshwe bei ya taa kutoka mfuko wetu. Bei ya taa ni ndogo kuliko ya sanduku.

La pili lawahusu wanachama wenye magari, na wale walioajiriwa kuyaendesha. Ampitaye mwenye baisikeli amwachie mita moja na nusu. Kama hakuna nafasi, angoje nyuma yake. Honi iwe ya kuonya, isiwe ya kufukuza. Gari lisiegeshwe katika kijia cha miguu, hata kwa dakika mbili za kununua sigara. Abiria naye atazame nyuma kabla ya kufungua mlango. Nao waendao kwa miguu, mahali pasipo kijia, waende upande wa kulia ili wayaone magari yajayo, na wavae kitu cheupe usiku.

La tatu latuhusu sote kama chama. Adabu peke yake haitoshi mahali ambapo barabara yenyewe imewafunga lori na mtoto katika njia moja. Kifungu cha 37 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa kila mtu haki ya kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Kwa katiba hiyo hiyo, barabara kuu za taifa ziko chini ya Serikali Kuu, na barabara za kaunti ziko chini ya kaunti. Kwa hiyo halmashauri iandike barua mbili, kila moja kwa mwenye dhamana yake, ikitaja kwa jina kila shule, soko na zahanati isiyo na kijia cha pembeni, matuta au mahali pa kuvukia. Wazee watie sahihi. Jibu litakapokuja, lichapishwe katika ripoti ya mwaka ujao. Na lisipokuja, hilo nalo lichapishwe.

Wazee wetu, ninyi ndio mliotufundisha kumpisha mkubwa njiani na kumsaidia mwenye mzigo. Adabu hiyo haikufa lami ilipokuja; imekosa tu wa kuisema kwa lugha ya usukani na kengele. Twawasihi muiseme majumbani, makanisani, misikitini na mabarazani, mkianzia na kijana aliye na chombo kizito kuliko wengine. Tukifanya hivyo, mweka hazina wetu huenda akasimama mwaka mmoja mahali hapa akasoma fungu la misiba lililo fupi, na hakuna hesabu ambayo tungefurahi zaidi kuipokea.