Munganga wa meno analipwa ngapi? Jibu letu kwa vijana wa Fizi na Baraka



Tangu matokeo ya Egzeta yatoke, tunapokea swali moja kila siku kwenye WhatsApp: «Nikisomea unganga wa meno, halafu nikaenda kufanya kazi nje, nitapata ngapi?» Wazee wengine wanakasirika, wanasema kijana anakimbia inchi. Sisi hatukasiriki. Hakuna mtu anayeingia sokoni bila kuuliza bei. Basi leo tuhesabu pamoja.

Tuanze na Marekani, juu ndugu zetu wengi walivuka ziwa wakati wa vita vya 1996, wakaishi kambi ya Nyarugusu, na kutoka pale wakapelekwa kule. Hesabu za Serikali ya Marekani zinaonyesha kwamba munganga wa meno wa kipato cha katikati anapata zaidi ya dola 150 000 kwa mwaka. Ni kweli. Lakini hiyo ni pesa ya mtu aliyekwisha kupata leseni. Diploma ya Kinshasa peke yake haikupi leseni. Kwa kawaida utarudi shule miaka miwili ao mitatu kwenye chuo cha kule, kwa Kiingereza, kwa pesa yako, halafu mitihani. Wengi wanaanza kazi wakiwa na deni kubwa shingoni.

Uingereza nako kuna mtihani wa sehemu mbili kwa waliosoma nje. Sehemu ya pili peke yake inapita pauni 4 000, nafasi ni chache, watu wanangoja. Na ukishapita, wanganga wengi wa meno hawana mshahara wa mwisho wa mwezi: wanalipwa kadiri ya kazi waliyofanya. Kiti kikikaa bila mgonjwa, siku hiyo hakuna pesa.

Hata Tanzania, hapa ng'ambo tu, hushiki jino la mtu kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijakuandikisha, na kibali cha kazi cha mgeni ni safari nyingine.

Kwa hiyo ukiuliza bei, ongeza maswali matatu. Itachukua miaka mingapi kabla ya mshahara wa kwanza? Nani atakulisha hiyo miaka? Wakishatoa kodi, nyumba na deni, mkononi kunabaki ngapi? Tunawajua wauguzi na walimu wa kwetu ambao leo wanakata nyama viwandani kule, diploma iko ndani ya sanduku. Si aibu, wanalisha familia mbili. Lakini hakuna aliyewaambia mapema.

Sasa tuangalie kwetu. Kijana anauliza bei ya nje juu ya nini? Juu hapa hakuna anayeweza kumwambia bei. Munganga wa Serikali anapaswa kupata mshahara pamoja na primu ya hatari. Kumbe wengine wanapata primu bila mshahara, na wengine wanatumika miaka na miaka bila hata matrikuli. Ndiyo moja ya mambo yaliyowafanya wanganga wa Serikali wagome mwaka 2021. Wanachokula kinatoka kwenye sanduku la hospitali, maana yake mfukoni mwa mgonjwa. Mama anayeuza muhogo sokoni ndiye analipa munganga, na Serikali inaangalia.

Na munganga asipokuwepo, jino halingoji. Mtu anasukutua majani, anameza vidonge vya barabarani, akishindwa anamwita fundi mwenye koleo. Usaha wa jino ukishuka shingoni unaziba pumzi, na unaua. Mwenye pesa atapanda gari mpaka Uvira, karibu kilomita 90, kama njia iko salama, ao mashua ya kwenda Kigoma. Asiye na pesa anabaki na shavu limevimba.

Ndiyo maana tunadai mambo matatu:

1. Kila mtumishi wa afya wa zoni za Fizi, Nundu na Kimbi Lulenge anayefanya kazi kweli apewe matrikuli na mshahara, si ahadi.

2. Pesa inayotoka kwa wagonjwa, na namna inavyogawanywa, iandikwe ukutani mwa kila hospitali, kila mwezi, kwa lugha tunayosoma wote.

3. Kijana wa Fizi anayekubali kusomea meno asaidiwe karo, na anaporudi akute kiti, vyombo, dawa ya ganzi na mshahara unaojulikana.

Hatumfungii mtu njia. Anayetaka kwenda aende, na karatasi zake ziwe sawa, na hesabu aijue. Lakini anayetaka kubaki asiadhibiwe kwa sababu amebaki.

Mwezi ujao tutapeleka madai haya kwenye ofisi za zoni ya afya, kwa miguu, bila jiwe, bila matusi. Wewe unayetusikiliza, waulize wanganga na wauguzi wa mtaa wako kama wanalipwa na Serikali ao hapana. Usiandike majina yao, tusiwaletee matatizo. Andika tu wako wangapi wanaolipwa na wangapi hawalipwi, halafu njoo na hiyo hesabu. Wakituambia kwamba watu wote wanalipwa, tutaifungua mbele yao.