Kupiga Dawa Kabla ya Kuvuna: Je, Mnunuzi Atatuamini?

(Haya ni maneno ya mhudumu wa kilimo alipozungumza na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia vinavyolima ndengu na maharagwe. Tunayachapa ili yasomwe na kujadiliwa katika mikutano ya vikundi.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo lililoleta ubishi katika vikundi. Ndengu zikikaribia kukauka, je, ni sawa mtu kupiga dawa ya kuua magugu juu yake ili shamba lote likauke mara moja? Wengine wanasema ni maendeleo. Wengine wanasema ni sumu. Leo tusigombane. Tulipime jambo hili kwa utaratibu, halafu kila kikundi kikaamue.

Kwanza, tumsikilize anayetaka kupiga

Mtu huyu si mbaya. Anajua ndengu haziivi pamoja. Kwa mmea mmoja utaona maganda meusi, mengine ya kijani, na maua juu yake. Inabidi kuchuma mara mbili au tatu. Vibarua wanataka pesa, na watoto wako shule. Ukingoja maganda yote yakauke, ya kwanza yanapasuka na ndengu zinamwagika chini. Mvua ikirudi kabla hujamaliza, zinachipua ndani ya maganda au zinashika ukungu.

Na ukungu si mchezo. Hatujasahau mwaka 2004, wakati mahindi yenye sumu ya ukungu, ile aflatoksini, yalipoua watu 125 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake. Kwa hiyo anayesema, "Nataka mavuno yangu yakauke upesi," anasema jambo la maana. Tusimcheke.

Dawa yenyewe inafanya nini?

Dawa inayozungumzwa sana ni glaifoseti, ile iliyoanza kuuzwa mwaka 1974 kwa jina la Roundup, na siku hizi iko na majina mengi. Wengi wetu tunaijua kwa kusafisha shamba kabla ya kupanda. Dawa hii haichomi majani tu. Inaingia kwenye jani, inasafiri na maji ya mmea mpaka kwenye mizizi na mahali panapokua. Sasa fikiri: ganda likiwa bado la kijani, mbegu iliyo ndani bado inakula kutoka kwa mmea. Dawa nayo inafuata njia hiyo hiyo. Ikishaingia ndani ya punje, huwezi kuitoa kwa kuosha.

Ndiyo sababu nchi zinazoruhusu jambo hili zimeweka masharti. Huko Kanada mkulima wa ngano haruhusiwi kupiga mpaka unyevu wa punje uwe chini ya asilimia 30. Anabonyeza punje kwa ukucha. Alama ikibaki bila kurudi, ngano imekomaa. Halafu anangoja angalau siku 7 kabla ya kuvuna. Huko Australia wanaolima ndengu kwa matrekta nao hukausha kwa dawa, lakini ndengu za mbegu na zile za kuchipuzwa kwa chakula hazipigwi glaifoseti, kwa maana inaharibu uotaji. Akina mama, sikieni hapo. Sisi tunatoa mbegu kwenye gunia lile lile tunalokula. Ukipiga shamba lote, msimu ujao unaweza kupanda na usione kitu.

Ngano ya Kanada na tambi za Italia

Sasa niwape kisa cha kweli. Waitaliano wanapenda tambi kama sisi tunavyopenda ugali na githeri. Tambi hutengenezwa kwa ngano ngumu, na kwa miaka mingi walikuwa wakinunua nyingi kutoka Kanada.

Mwezi wa Machi 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ilisema kwamba yaelekea glaifoseti inaweza kuleta saratani kwa binadamu. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, taasisi ya Ulaya ya usalama wa chakula ikasema haielekei kuwa hivyo. Wataalamu wawili, majibu mawili. Mama anayenunua chakula dukani afuate nani? Wengi waliamua hivi: kama kuna shaka, nitaacha.

Mwaka 2016 serikali ya Italia ilikataza wakulima wake kupiga glaifoseti kabla ya kuvuna. Mwezi wa Februari 2018 ikawa lazima pakiti ya tambi iandikwe ngano imetoka nchi gani. Wanunuzi wakaanza kusoma pakiti, na mauzo ya ngano ya Kanada huko Italia yakashuka sana msimu huo.

Wakulima wa Kanada walilalamika. Walisema, "Ngano yetu imepimwa. Dawa iliyobaki ni kidogo kuliko kipimo cha sheria." Na walikuwa wakisema kweli. Sheria ya Ulaya inaruhusu hata miligramu 10 kwa kila kilo ya ngano. Wengine wakasema wakulima wa Italia walipiga kelele ili kulinda bei yao wenyewe. Hapo pia kulikuwa na ukweli. Lakini mteja alikuwa ameshaondoka. Unaweza kushinda kesi na bado ukabaki na magunia yako.

Mwaka 2023 Tume ya Ulaya iliongeza kibali cha glaifoseti kwa miaka 10, lakini ikakataza kuitumia kukausha mazao kabla ya kuvuna. Yaani palilia nayo, lakini usikaushie chakula.

Hata hapa kwetu tumeona

Msidhani mambo haya ni ya wazungu peke yao. Mnakumbuka mishiri, ile french beans ya kuuza ng'ambo? Ulaya ilikuta dawa ya wadudu iitwayo dimethoeti katika mboga kutoka Kenya. Kuanzia Januari 2013 wakaanza kupima shehena moja katika kila kumi ya maharagwe na njegere za maganda kutoka kwetu. Gharama ikapanda. Kampuni zikaanza kuacha wakulima wadogo, kwa sababu ni vigumu kufuatilia watu mia wenye vishamba vya robo ekari. Mwenye kosa na asiye na kosa waliumia pamoja.

Hilo ndilo nataka kikundi kielewe. Sisi hatuuzi kila mtu peke yake. Tunakusanya debe kwa debe mpaka gunia lijae, na gunia lina jina la kikundi. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mtu mmoja akipiga dawa usiku na kunyamaza, amewapigia watu thelathini bila kuwauliza.

Kuna bwana mmoja ameniuliza hapa, "Lakini broka haulizi. Ananunua tu." Ni kweli, leo haulizi. Hata wale wa Italia hawakuuliza kwa miaka mingi. Siku atakayouliza, utamwonyesha nini?

Basi tufanye nini?

Soma lebo. Kila dawa inayouzwa Kenya husajiliwa na bodi ya serikali, PCPB, kwa kazi maalum na zao maalum. Dawa iliyoandikwa ni ya kusafisha shamba kabla ya kupanda haijaruhusiwa kwa sababu hiyo kupigwa juu ya ndengu zinazongoja kuvunwa. Kama lebo haitaji zao lako na siku za kungojea, jibu ni hapana. Usikubali maneno ya mwenye duka peke yake.

Palilia mapema. Wengi wanaotaka kupiga dawa mwishoni wanasumbuliwa na magugu ya kijani yaliyobaki. Panda mbegu ya aina moja, kwa siku moja, na shamba litakaribia kuiva pamoja.

Rudisheni mwethya. Leo kwa mama huyu, kesho kwa jirani. Watu kumi wanaweza kumaliza kwa asubuhi moja kazi ambayo mtu mmoja angehangaika nayo wiki nzima. Maganda mengi yakishakuwa meusi, mnaweza kung'oa mimea yote na kuianika juu ya turubai, si juu ya udongo. Mvua ikitisha, mnakunja turubai mnakimbia nayo.

Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa safi iliyokauka kabisa. Tia ndengu mpaka theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha acha dakika 15. Chumvi ikishika kwenye chupa, ndengu bado ni mbichi, anika tena. Isiposhika, unaweza kuweka kwenye gunia.

Andikeni. Daftari moja la kikundi: nani alipanda lini, alipiga dawa gani, siku gani, alivuna lini. Aliyepiga dawa yoyote asijifiche, aseme, na mavuno yake yawekwe kando mpaka kikundi kiamue. Msimfukuze anayesema kweli, maana mkimfukuza, msimu ujao hakuna atakayesema.

Ndugu zangu, mimi sikuja kuwaambia kwamba kila dawa ni sumu. Kuna mahali dawa inasaidia. Lakini chakula kikishatoka mikononi mwetu, anayekila hatujui wala hatuoni. Yeye ana neno letu tu. Neno hilo likipotea, hata ndengu safi kabisa zitauzwa kwa bei ya kutupa.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni nini hasa kinachofanya mtu atamani kupiga dawa kabla ya kuvuna? Ni vibarua, magugu au mvua?

2. Mnunuzi akija kesho na kuuliza ndengu hizi zilipigwa dawa gani, nani atajibu, na kwa daftari gani?

3. Tutamsaidiaje mjane au mzee asiye na mikono ya kuvuna, ili asilazimike kutafuta njia ya mkato?

4. Mbegu ya msimu ujao tutaitoa shamba la nani, na tuna hakika gani kwamba itaota?