Programu ya Mashine Huanzia Kwenye Jiliwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mafundi na wakufunzi wa karakana za vyuma.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kuandika programu za mashine za kuchongea vyuma zinazoongozwa na kompyuta. Nilipopokea mwaliko huu nilisita kidogo, maana mimi nilianza kazi kwenye kerezo la mkono, na kompyuta niliikuta ukubwani. Lakini nimekubali kwa sababu moja, nayo ni deni ambalo sina budi kulilipa hadharani.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa fundi wa zamu katika karakana ambayo sitaitaja. Tulikuwa tunachonga bamba la kufunikia sanduku la beringi, lenye matundu 8 ya bolti kuzunguka duara. Programu ilikuwa imeandikwa na kijana mmoja hodari, aliyekuwa akikaa katika chumba cha juu chenye feni, mbali na mashine. Nilipofunga bamba mezani nikaona kwamba kibano kimoja kimesimama juu ya uso wa kazi kwa karibu milimita 20, nacho kiko njiani kati ya tundu la tatu na la nne. Badala ya kupanda ngazi na kumwambia, niliongeza mstari kwa mkono wangu: kisu kipande hadi Z50, kisha ndipo kihame. Nilikusudia milimita 50. Mashine ile, kama zilivyo nyingi za aina yake, ilikuwa imepangwa kuisoma namba isiyo na nukta ya desimali kwa vipimo vyake vidogo kabisa, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Kwa hiyo Z50 yangu ikawa milimita 0.05. Kisu kikasimama unywele mmoja juu ya bamba, kisha kikaruka kwa kasi yote kuelekea tundu la nne, kikakipiga kibano.

Beringi za spindo ziliharibika. Mashine ilikaa miezi mitano ikingoja vipuri kutoka ng'ambo. Lawama ikamwangukia yule kijana, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa juu ya programu. Nami nilikaa kimya siku nne nzima kabla ya kwenda kwa mkuu wa karakana kusema kwamba mstari ule ni wangu. Siku nne hizo ndizo zinazonifanya nisimame hapa leo.

Ndugu zangu, kosa la nukta ni kosa langu. Lakini kulikuwa na kosa jingine lililotangulia, nalo ni la mpango wa kazi: mwandishi wa programu hakujua kazi itafungwaje, na mfungaji wa kazi hakujua kidhibiti cha mashine kinaisomaje programu. Kompyuta imeunganisha mambo mengi, ila katika karakana zetu imewatenga watu hawa wawili. Mtu anayeandika programu bila ya kwanza kuuliza jiliwa liko upande gani na vibano vina urefu gani, huyo anachora picha tu.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni kwamba programu ianzie mezani pa mashine. Kabla hujachagua njia yoyote ya kisu, andika katika karatasi moja: kazi inashikwa na nini, sufuri iko pembe gani au tundu gani, visu vipi vitatumika na kila kimoja kimetokeza kiasi gani nje ya kishikio chake. Karatasi hiyo isafiri na programu hadi kwa fundi. Viweke vibano na jiliwa ndani ya mchoro wa kompyuta vilevile, ili unapotazama maigizo ya uchongaji katika kioo uone kisu kikivigusa. Maigizo yasiyo na vibano yangelipitisha hata lile bamba letu.

Juu ya sufuri nina neno kwa wale wanaotengeneza vipuri, na hapa kwetu ndio wengi. Tunaletewa sanduku la beringi la mashine ya mkonge au gurudumu la pampu ya kiwanda cha sukari, limekwisha kuliwa, nasi tunatakiwa kutengeneza jipya bila ya mchoro. Usiweke sufuri yako wala usichukue vipimo vyako kwenye uso uliolika. Tafuta sehemu ambayo haikuguswa na msuguano: ndani ya tundu la bolti, au ukingo uliokuwa umefichwa na mfuniko. Na mahali pa kukaa beringi usipime sanduku kabisa. Soma namba ya beringi yenyewe na utafute kipimo chake katika kitabu cha mtengenezaji.

Sasa niingie katika hesabu ya kukata, maana ndipo pesa zetu nyingi zinapopotelea. Programu za kompyuta huja na namba zake za kasi zilizokwisha kujazwa, na vijana wengi huziacha kama zilivyo. Namba hizo zinachukulia kwamba mashine ni nzito na imara, kisu ni kipya na maji ya kupoozea yanamiminika. Fanya hesabu yako mwenyewe. Chukua kasi ya kukatia kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1000, gawanya kwa 3.14 mara kipenyo cha kisu. Kwa kisu cha haispidi cha milimita 10 katika chuma laini, tukishika mita 25 kwa dakika, tunapata mizunguko karibu 800 kwa dakika. Kama kisu kina meno 4 na kila jino lichukue milimita 0.05, basi mwendo wa meza ni 800 mara 4 mara 0.05, yaani milimita 160 kwa dakika.

Fundi mwoga, akisikia mashine inanguruma, hukimbilia kupunguza mwendo wa meza peke yake. Nawasihi mwache desturi hiyo. Jino lisilopata chuma cha kutosha halikati, linasugua; kusugua kunaleta joto, na joto linaua makali. Katika chuma kisichoshika kutu madhara ni makubwa zaidi, kwa kuwa uso uliosuguliwa hugeuka kuwa mgumu na jino linalofuata hukuta ukuta. Mashine ikilalamika, punguza kwanza kina au upana wa kukata, na uliache jino lishibe.

Tazameni pia urefu wa kisu kilichotokeza. Kupinda kwa kisu hukua kwa kipeo cha tatu cha urefu wake: ukikitoa milimita 60 badala ya 30, nguvu ileile itakipinda mara 8. Nimeona watu wakilaumu mashine kwamba imechakaa kwa sababu ukuta wa mfuko umetoka na mshazari, kumbe kisu kimening'inia kama fimbo ya kuvulia samaki. Na kisu kisitumbukizwe wima ndani ya chuma kama keekee, maana visu vingi vya milingi havikati vizuri katikati ya ncha yake. Kiteremke kwa mteremko au kwa kuzunguka kama ngazi ya mnara.

Baada ya kompyuta kupanga njia ya kisu, kuna programu ndogo ya kutafsiri njia hiyo kuwa maneno ya mashine, ambayo mafundi huiita posti. Maneno hayo, yale ya herufi G na M, yamewekewa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 6983, na chimbuko lake ni kazi iliyoanza Marekani, ambako chuo cha MIT kilionyesha mashine ya milingi inayoongozwa kwa namba mwaka 1952. Lakini kila mtengenezaji wa vidhibiti ana lahaja yake. Posti iliyoandikwa kwa ajili ya mashine ya jirani isitumike kwako kwa kuwa tu inafanana. Ijaribuni kwa kazi ndogo yenye tundu moja, mfuko mmoja na tao moja, na someni kila mstari unaotoka.

Nafika kwenye jambo ambalo vitabu vya ng'ambo hulipitia kwa haraka: umeme kukatika kazi ikiwa katikati. Umeme unaporudi, kishawishi ni kuruka hadi mstari uliofikiwa na kubonyeza kitufe cha kuanza. Mstari ule peke yake haujui kwamba spindo ilipaswa kuzunguka, kwamba vipimo ni vya milimita, wala kwamba urefu wa kisu ulikwisha kuhesabiwa kwa G43. Kisu kinaweza kuzama kina ambacho hakuna aliyekiandika. Dawa yake ni kuigawa programu kwa visu, na kila sehemu ianze kwa mistari yake kamili: G21 ya milimita, G90 ya vipimo kutoka sufuri, G40 na G80 za kufuta amri zilizobaki, sufuri ya kazi kama G54, mizunguko, kisha G43 na namba ya kisu, na kupanda hadi kimo salama. Umeme ukirudi, itafuteni sufuri ya mashine upya, kisha mrudi mwanzo wa sehemu hiyo. Mtapoteza dakika kumi za kukata hewa. Mimi nilipoteza miezi mitano.

Na kabla ya kukata kwa mara ya kwanza, inueni sufuri ya Z kwa milimita 100, mwendeshe programu hewani mstari mmoja mmoja, kasi ya kuruka ikiwa imeshushwa hadi robo. Mkono mmoja ukae juu ya kitufe cha kusimamisha. Katika kioo kuna hesabu ya umbali uliobaki. Ikisema milimita 80 nawe kwa macho unaona nafasi ya vidole viwili, simamisha. Na yeyote atakayebadili mstari, hata nukta, aandike jina lake na tarehe ndani ya programu, kisha amwite mwenzake aisome kabla ya kuianzisha.

Yule kijana sasa ni mkufunzi, naye yumo humu ukumbini. Tumetayarisha pamoja bamba la aluminiamu na programu yenye makosa matatu tuliyoyaficha. Bamba limekwisha kufungwa karakanani. Naomba sasa tuelekee huko tukayatafute, kabla umeme haujatukimbia.