Kura Tatu kwa Mbili: Juu ya Kuhukumu Pambano la Ngumi Lililokaribiana





Huenda wengine wenu mnashangaa kwamba Kamati ya Haki na Amani, iliyozoea kuzungumzia mashamba, mirathi na tumbaku, imechagua leo kuzungumzia ngumi. Sababu ni vijana wenyewe. Kila pambano linapoonyeshwa kwenye vibanda vya video likamalizika kwa pointi, ubishi hauishii hapo. Unawafuata watu kisimani, dukani, hata kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, na neno linalosikika ni moja: “Ameibiwa.” Neno hilo ni zito. Kusema kwamba mtu ameibiwa ni kusema kwamba yupo mwizi, tena anajulikana mahali alipoketi. Tumeona ni afadhali tulipime kabla halijawa mazoea.

Tuanze na hesabu, maana wabishi wengi hawaijui. Katika ngumi za kulipwa majaji watatu huketi pande tatu za ulingo. Raundi inapokwisha, kila jaji humpa aliyeshinda raundi hiyo pointi 10, na aliyeshindwa 9, au 8 ikiwa aliangushwa. Aliyeshinda raundi kwa tofauti ndogo sana, na aliyeishinda kwa kumtawala mwenzake bila kumwangusha, mara nyingi wote huandikiwa 10 kwa 9. Sasa chukueni pambano la raundi 12 ambalo hakuna aliyeanguka, na jaji ameandika 115 kwa 113. Maana yake ni raundi saba kwa tano. Raundi moja tu ikihamia upande wa pili, hesabu inakuwa 114 kwa 114, yaani sare. Kwa hiyo watu wawili waaminifu, wakitofautiana juu ya dakika tatu katika dakika 36, hutoka ukumbini na hukumu mbili. Wala majaji hao hawaoni kitu kimoja. Konde lililofika kidevuni mbele ya jaji huyu, jaji wa upande wa pili huona mgongo tu wa aliyelirusha. Sisi wa kibandani tunaona kwa jicho la kamera, na masikioni mwetu yupo mtangazaji ambaye pengine ameshachagua mtu wake tangu raundi ya kwanza.

Kwa jirani zetu Kenya yuko bondia aliyeyaonja haya mara mbili, naye ni Philip Waruinge, wa uzani wa unyoya. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, alifika nusu fainali akakutana na Antonio Roldán, kijana wa nyumbani. Ngumi za ridhaa za wakati ule zilikuwa na majaji watano, na mshindi alikuwa yule aliyependelewa na walio wengi. Watatu walimpa Roldán, wawili wakampa Waruinge. Mkenya akatoka na shaba. Lakini michezo ilipokwisha, tuzo ya Val Barker, ambayo ilitolewa kwa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wengine wote, alipewa yeye mwenye shaba, wala si yeyote kati ya wenye dhahabu. Miaka minne baadaye, mjini Munich, tarehe 10 Septemba 1972, aliingia ulingoni kwa fainali dhidi ya Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovieti. Majaji wakagawanyika tena: watatu kwa wawili. Safari hii akapata fedha. Baadaye alikwenda Japani akapigana ngumi za kulipwa kwa jina la Waruinge Nakayama, na dhahabu ya Olimpiki hakuipata kamwe.

Jaji mmoja Mexico, jaji mmoja Munich. Je, aliibiwa? Tunaelewa uchungu wa wanaosema hivyo, na tuzo ile inawapa nguvu. Hata hivyo kura ya 3 kwa 2 yenyewe si ushahidi wa wizi. Inaonyesha tu kwamba pambano lilikuwa gumu kuamua. Na kuwa fundi kuliko wote katika mashindano mazima si sawa na kumshinda mtu fulani usiku fulani. Mkulima hodari wa kijiji anaweza kupata mavuno haba msimu mmoja, naye akabaki kuwa hodari.

Litazameni kando yake jambo la Seoul, mwaka 1988. Katika michezo hiyo Mkenya mwingine, Robert Wangila, alitwaa dhahabu kwa kummaliza Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili, bila kumsumbua jaji yeyote. Lakini katika fainali nyingine Roy Jones wa Marekani alipigana na Park Si-Hun wa Korea ya Kusini, nchi mwenyeji. Waliohesabu makonde walipata 86 ya Jones na 32 ya Park. Majaji watatu kati ya watano wakampa Park ushindi. Hapo huwezi kusema kwamba walitofautiana juu ya raundi moja ngumu. Baadhi ya majaji walisimamishwa, na tuzo ya Val Barker akapewa Jones, aliyeshindwa. Lakini sikilizeni hili pia: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipolichunguza shauri hilo, mwaka 1997 ilisema haikupata ushahidi wa rushwa. Kwa hiyo mtu ana haki kamili ya kusema kwamba hukumu ile ilikuwa mbovu, na bado asiwe na haki ya kutaja hongo.

Wakubwa wa ngumi waliona dawa ni mashine. Barcelona, mwaka 1992, majaji watano walipewa vitufe, na konde lilihesabiwa ikiwa watatu wao walibonyeza ndani ya sekunde moja. Ilionekana kuwa haki tupu. Kumbe mashine ilikuwa ikihesabu vidole vya watu walewale. Makonde ya mbavuni na yale ya mfululizo yalipotea, na mabondia wakajifunza kudonoa na kukimbia. Mwaka 2013 utaratibu huo uliachwa, wakarudi kwenye 10 kwa 9. Kisha ikaja Rio, mwaka 2016, na malalamiko mengi, na mwaka 2021 uchunguzi wa Richard McLaren ukaeleza kwamba walikuwapo maofisa waliopanga matokeo. Hapo neno “wizi” lilipata miguu ya kusimamia, na uchunguzi ndio uliolipatia, si kelele za ukumbini.

Ninyi wakulima mnaijua shida hii bila kufika Munich. Robota la tumbaku linafunguliwa sokoni, mmoja anaona daraja la juu, mwingine anaona la chini yake, na jani limetoka bani moja. Tofauti ya daraja moja ni ada ya shule ya mtoto. Tumesikia wakulima wakisema kwamba kinachowauma zaidi si daraja la chini, bali ni kutoambiwa kasoro iliyoonekana kwenye jani, na kutokuwa na mahali pa kusema kabla robota halijashonwa tena.

Kwa kuwa mashindano ya kwaya za parokia yanakaribia, nayo yameshatuletea ugomvi wa namna hii, Kamati inapendekeza yafuatayo. Waamuzi wawe watano, wala pasiwe na mwenye ndugu katika kwaya inayoimba. Kila mmoja aandike alama zake peke yake mara wimbo unapokwisha, kabla ya kuzungumza na mwenzake, na atie sahihi. Karatasi zote tano zibandikwe siku hiyohiyo kwenye ubao wa matangazo, pamoja na sababu kwa maneno machache. Kwaya yenye lalamiko ilete barua kwa katibu wa Halmashauri ya Walei ndani ya siku saba, ikitaja karatasi inayolalamikiwa na alama inayohojiwa. Barua isemayo tu “tumeibiwa” itarudishwa kwa waandishi wake.