Dhahabu ya Kilwa na Hazina ya Wittenberg



Kitabu cha miaka mia moja ya usharika hakina budi kuwataja wamisionari, ubatizo wa kwanza na makanisa ya mwanzo yaliyoezekwa kwa nyasi. Habari hizo zina wasimulizi wake. Mazungumzo haya yanarudi nyuma zaidi, hadi siku ambazo Martin Luther alikuwa bado kijana wa chuo, nayo yanaanzia mahali ambapo Mlutheri hakutazamia kuanzia: mbele ya chombo cha dhahabu kinachohifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale mjini Lisbon, Ureno.

Chombo hicho ni cha kuonyeshea mkate wa Ekaristi, kile ambacho ndugu Wakatoliki hukiita monstransi. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa kuwekea mkate. Juu yao ananing'inia njiwa mweupe, alama ya Roho Mtakatifu. Na juu kabisa ameketi Mungu Baba. Kwenye shina lake yamo matufe yaliyofumwa kwa pete, mfano wa mbingu na dunia, ambayo mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno aliyafanya kuwa nembo yake. Kitako chake kimepambwa kwa ndege, maua na konokono kwa rangi za kioo zilizoyeyushwa juu ya dhahabu. Sonara wake anaaminiwa kuwa ni Gil Vicente, na kazi yake ilimalizika mwaka 1506. Hakuna ubishi juu ya uzuri wake. Wataalamu wanakihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za usonara wa Ureno.

Dhahabu yake ilitoka Kilwa.

Mwezi wa Julai mwaka 1502, Vasco da Gama, katika safari yake ya pili ya kwenda Bara Hindi, alitia nanga Kilwa akiwa na merikebu zenye mizinga. Kilwa ya siku hizo ilikuwa mji wa majumba ya mawe ya matumbawe na msikiti mkuu wa kuba nyingi, mji ambao msafiri Ibn Battuta aliusifu alipoutembelea mwaka 1331. Utajiri wake ulitokana na dhahabu, ingawa dhahabu yenyewe haikuchimbwa hapo. Ilichimbwa na kuchekechwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, kisha ikasafirishwa kwa majahazi kuelekea kaskazini, na Kilwa ikitoza ushuru wake. Da Gama alimtaka Amir Ibrahim, aliyekuwa akitawala mji, akubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kulipa kodi kila mwaka; la sivyo, mji ungeteketezwa. Amir alikubali. Kodi ya kwanza ilikuwa mithkali 1,500 za dhahabu, uzito wa zaidi ya kilo sita. Da Gama aliporejea Lisbon mwaka 1503, mfalme Manuel aliamuru dhahabu hiyo ifanyiwe chombo cha ibada. Katika wosia wake wa mwaka 1517 alikiacha kwa monasteri ya Belém, ambayo yeye mwenyewe aliianzisha, na ambayo ilijengwa kwa sehemu kubwa kwa ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Belém, kwa lugha ya Kireno, ni Bethlehemu.

Ni vigumu kusema kwamba Manuel alikuwa mnafiki. Alikuwa mcha Mungu kwa namna ya wafalme wa wakati wake. Aliamini kwamba malimbuko ya safari ni ya Bwana, akayatoa. Swali la namna malimbuko hayo yalivyopatikana halionekani kumsumbua.

Miaka mitatu baadaye yalitokea mambo mawili ambayo hayakujuana. Tarehe 2 Julai 1505, karibu na kijiji cha Stotternheim huko Ujerumani, mwanafunzi wa sheria aliyekuwa safarini alipatwa na dhoruba ya radi. Kwa hofu ya kufa aliweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa, na tarehe 17 ya mwezi huo Martin Luther alibisha hodi katika monasteri ya Waagustino mjini Erfurt. Juma moja baadaye, tarehe 24 Julai, askari wa Francisco de Almeida, aliyetumwa na mfalme Manuel, walishuka Kilwa.

Yaliyotukia siku hiyo yanajulikana vema, kwa sababu mtu aliyekuwa ndani ya mojawapo ya merikebu hizo, Hans Mayr, aliyaandika. Amir Ibrahim alikwisha kukimbia. Mji ulitwaliwa kwa upinzani mdogo. Kisha watawa wa Mtakatifu Fransisko walishuka pwani wakiwa wamebeba misalaba miwili, wakiimba wimbo wa kumshukuru Mungu, wakaenda hadi jumba la mtawala. Hapo msalaba ukasimamishwa, na mkuu wa msafara akasali. Maombi yalipokwisha, watu wote walianza kupora mji. Mayr aliandika hayo kwa mfuatano huo huo, bila kuonyesha kwamba aliona ajabu yoyote. Katikati ya mwezi wa Agosti ikafuata Mombasa, ambayo ilipigana kiume, nayo ikachomwa moto na kuporwa.

Hans Mayr lilikuwa jina la Kijerumani. Kulikuwa na Mjerumani mwingine katika msafara ule, Balthasar Springer wa Vils, karani wa nyumba ya biashara ya Welser. Wajerumani hao wawili ni miongoni mwa wa kwanza kabisa ambao maandishi yanawaonyesha katika pwani hii, zaidi ya miaka 300 kabla ya Johann Ludwig Krapf kufika Mombasa mwaka 1844. Hawakuwa na Biblia ya kutafsiri. Walifuata pilipili manga. Merikebu tatu za msafara huo ziligharimiwa na matajiri wa nje ya Ureno, na wafanyabiashara wa Ujerumani, wengi wao wa mji wa Augsburg, waliweka kruzado 36,000. Kati ya hizo, 20,000 zilikuwa za Welser na 4,000 za Fugger.

Jina hilo la mwisho kila Mlutheri aliyesoma mafundisho ya kipaimara kwa makini amewahi kupita karibu nalo. Albrecht wa Brandenburg, kijana wa ukoo wa kitawala, alitaka kuwa askofu mkuu wa Mainz hali akiwa tayari ni askofu mkuu wa Magdeburg. Ili kulipia ruhusa ya Roma alikopa kwa Jakob Fugger. Vyeti vya msamaha vilivyouzwa na Johann Tetzel vilitangazwa kuwa ni kwa ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Petro, lakini nusu ya mapato ilikwenda kulipa deni hilo. Hoja 95 za mwaka 1517 zilikuwa jibu kwa biashara hiyo. Kwa hiyo mfuko uliochangia merikebu za mwaka 1505 ulikuwa pia nyuma ya meza ya Tetzel.

Sasa, Wittenberg yenyewe haikuwa safi kuliko Lisbon. Mtawala wake, Frederick aliyeitwa Mwenye Hekima, mmoja wa wale saba waliokuwa na haki ya kumchagua Kaisari, alikwenda kuhiji Yerusalemu mwaka 1493, na tangu ujana wake alikusanya masalia ya watakatifu: mifupa, meno, vipande vya nguo. Mwaka huo huo wa 1505 alimwajiri mchoraji Lucas Cranach. Mwaka 1509 kilichapwa kitabu chenye picha za Cranach kikionyesha hazina hiyo, na idadi ya masalia ikatajwa kuwa 5,005. Kufikia mwaka 1520 yalikuwa karibu 19,000, yakiwa yamewekwa katika vyombo vya fedha, dhahabu au kioo, na hujaji aliyeyatembelea yote kwa toba na sadaka aliahidiwa kupunguziwa toharani zaidi ya miaka 1,900,000. Chuo kikuu alichofundisha Luther kilifungamana na Kanisa la Ngome palipowekwa hazina hiyo. Frederick alimzuia Tetzel kuingia nchini mwake, lakini isidhaniwe kwamba alikuwa ameelewa Injili mapema kuliko wengine; hakupenda fedha za watu wake ziende kwa Albrecht.

Katika hoja ya 62 Luther aliandika kwamba hazina ya kweli ya Kanisa ni Injili. Maneno hayo yalipita juu ya Tetzel na kumfikia Frederick mwenyewe. Hapo ndipo ukuu wa mtawala huyo unapoonekana. Alimlinda mtu aliyekuwa akiibomoa hazina aliyoikusanya maisha yake yote. Alimficha katika ngome ya Wartburg mwaka 1521, ingawa hawakuwahi kuzungumza ana kwa ana, kwani mambo yote yalipitia kwa katibu wake Georg Spalatin. Maonyesho ya masalia yalikoma. Alipolala kufani mwezi wa Mei 1525, Frederick alipokea Chakula cha Bwana kwa mkate na divai, kama walei walivyoanza kupewa. Baada ya kufa kwake, sehemu kubwa ya vyombo vile iliyeyushwa. Kilichojulikana kubaki ni bilauri moja ya kioo iliyohusishwa na Mtakatifu Elisabeth. Ilifika mikononi mwa Luther, na sasa iko katika ngome ya Coburg.

Na Luther, je, alisema nini juu ya merikebu? Alisema, lakini si yale ambayo Mwafrika angependa kuyasikia. Mwaka 1520 aliwataka wakuu wa Ujerumani watie lijamu kinywani mwa Fugger na makampuni ya namna hiyo. Mwaka 1524, katika kitabu chake juu ya biashara na riba, alilaumu biashara ya Calicut na India kwa sababu hariri, vito na viungo vilikuwa vikinyonya fedha za nchi yake. Aliona mfuko wa Mjerumani ukitoboka. Miji iliyochomwa upande wa pili wa bahari hakuitaja. Ni haki kuliandika hili katika kitabu cha kumbukumbu cha kanisa linalobeba jina lake.

Huko Augsburg, mchoraji Hans Burgkmair, ambaye hakuwahi kusafiri, alichora mwaka 1508 picha za watu wa Afrika na India kwa kufuata habari za safari ya Springer. Wakati ambapo wengi walichora mazimwi mahali pa watu wa mbali, yeye alichora baba, mama na watoto. Ndilo jambo jema lililotoka katika msafara ule.

Kilwa Kisiwani Wareno walijenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Jengo linalosimama hapo leo, ambalo kwa sehemu kubwa ni la zama za Waomani, huitwa Gereza. Neno hilo, ambalo Waswahili wote hulitumia kwa nyumba ya wafungwa, asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa.

Chombo cha Lisbon hakikuyeyushwa. Kuzunguka kitako chake yapo maandishi, yakieleza kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina la mji limeandikwa kwa namna Wareno walivyolisikia: Quiloa.