Mambo ya Mwezi Katika Kanisa la Wete

Hotuba iliyosomwa na katekista wa Pemba mbele ya walimu na wazee wa makanisa



Waliotutangulia kusema wamesimulia mambo makubwa ya Misheni: Askofu Tozer kufika Unguja mwaka 1864 na kupewa na Sultani watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, na Askofu Steere kujenga Kanisa Kuu mahali pale pale Mkunazini. Ni habari njema, nasi tumezisikia kwa furaha. Walakini sisi wa Wete hatukuwa na soko, wala kwetu hakuna kanisa la kupigwa picha na wageni. Tulicho nacho ni daftari, na habari za daftari hilo ndizo tulizoombwa kuzieleza.

Kila mwisho wa mwezi, baada ya ibada ya Jumapili, watu hawatoki upesi. Huketi, na mwalimu husimama akasoma yaliyoandikwa tangu mwezi uliopita: aliyezaliwa, aliyebatizwa, aliyeugua, aliyefunga ndoa, aliyehamishiwa bara kwa kazi ya serikali, aliyekuja mahali pake, fedha iliyoingia na iliyotoka, na nani amekufa. Wakati mwingine usomaji huu huchukua robo saa, na wakati mwingine hupita mahubiri kwa urefu. Na twasema kweli, husikilizwa kuliko mahubiri.

Desturi hii si yetu peke yetu. Mwaka 1888 Misheni ilianza kupiga chapa kule Kiungani gazeti la Msimulizi, na baadaye Magila walikuwa na lao, jina lake Habari za Mwezi. Walimu wa Magila, wa Masasi, wa Newala na wa Nyasa waliandika barua za mambo ya vijiji vyao: mvua, simba, ubatizo, njaa, misiba. Wataalamu wa siku hizi huyasoma magazeti yale kwa ajili ya historia, na watu hao waliyaandika kwa sababu mtu wa Masasi alitaka kujua kama rafiki yake aliyesoma naye Kiungani angali hai.

Basi kwa nini jambo hili likashika mizizi Pemba hata leo, na mahali pengine limekwisha? Hapo inatupasa kurudi nyuma kidogo.

Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Watu hudhani siku ile minyororo ilikatika mara moja. Haikuwa hivyo. Mtumwa aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende mwenyewe mbele ya wakubwa wa serikali akauombe, na bwana wake alipwe fidia. Kwetu Pemba aliyewekwa kusimamia kazi hiyo alikuwa Bwana Farler, ambaye zamani alikuwa padre wa Magila tangu mwaka 1875, akawa Archdeacon huko. Wengi hawakwenda kuomba. Walibaki katika mashamba ya mikarafuu, wakapatana na mabwana zao, wapewe mahali pa kujenga na kulima muhogo, nao wafanye kazi siku kadhaa za juma. Wengine walikwenda kwa misheni. Marafiki, wale watu wa Uingereza wanaosali kwa kunyamaza kimya, walifika mwaka ule ule wa 1897, wakafungua shamba lao Banani karibu na Chake Chake, waliokombolewa wafanye kazi kwa ujira. Misheni yetu ikashika upande wa Wete, ambao watu wa kale waliuandika Weti.

Angalieni sasa hali ya watu hao. Mmoja alitoka Nyasa, wa pili Myao, wa tatu Mmanyema, wa nne hajui alikotoka kwa kuwa alichukuliwa angali mtoto wa mgongoni. Mtu huru ni nani pasipo ukoo? Akiugua, nani atamletea uji? Akifa, nani atasimama mbele ya watu na kusema, huyu ni wetu? Katika nchi yetu hii mtu hutambulikana kwa kutajwa baba yake na babu yake, na hao hawakuwa na babu wa kutaja. Basi wazazi wa ubatizo wakawa wazazi kweli. Na daftari la kanisa likawa kwao kama nasaba ya ukoo ilivyo kwa wengine. Mtu alipoandikwa mle, alikuwa na watu.

Ndiyo sababu hata leo, ukiruka jina la mtu katika kusoma, hata kama ni jina la mtoto wa siku tatu, bibi mmoja atainuka nyuma na kusema, "Mwalimu, umetuacha." Hasemi umemwacha, asema umetuacha.

Sasa tuseme juu ya jambo moja lililotupata, nalo limo katika daftari, wala hatutataja jina.

Alikuwako mama mzee, mshirika wa siku nyingi, aliyezaa watoto wanne. Wawili wa kwanza aliwazaa kwa mume Mwislamu, nao wakalelewa na ndugu za baba yao upande wa Micheweni katika dini yao. Wawili wa mwisho ni wa kanisa. Mama huyu alifariki kabla ya alfajiri. Kufika saa moja ya asubuhi wale wana wakubwa walikuwa wamekwisha fika, nao wakataka mama yao azikwe mchana ule ule, kwa kuwa kwao ni aibu kumweka maiti. Binti yake wa kanisa akalia akisema mama hawezi kuzikwa bila padre, na padre yuko Unguja, atapanda boti kesho bahari ikiwa shwari. Maneno yakawa mengi. Wakaja jamaa wa pande zote mbili, wakasimama uani makundi mawili, na kati yao hapana mtu.

Wazee wetu wakamwita imamu wa msikiti wa karibu na sheha, wakaketi kibarazani pamoja na wale watoto wanne. Imamu alisema neno moja tu: "Mama huyu alisali wapi Ijumaa iliyopita, na Jumapili iliyopita?" Wana wakubwa wakajibu, "Alikwenda kanisani Jumapili." Akasema, "Basi mwajua." Hapo wana wakasema, mazishi yawe ya kanisa, ila yawe leo. Binti akakubali, na katekista akapewa kazi ya kusoma.

Likatokea jambo lingine ambalo hatukulifikiri. Wale wana walikuwa wamekwisha kwenda kuchimba kaburi kwa mikono yao, nao wakachimba kama wajuavyo, lenye mwanandani ubavuni. Na jeneza haliingii katika mwanandani. Jua lilikuwa limepinduka. Vijana wa kanisa wakashuka kaburini pamoja nao, wakalipanua wote kwa majembe, pasipo mtu kunena neno. Alasiri akazikwa. Wana wakubwa walilichukua jeneza mbele. Tulipoanza kusoma wakarudi nyuma hatua chache, wakasimama mpaka mwisho. Padre alifika siku ya tatu akasali penye kaburi. Na siku ya khitma huko Micheweni tulialikwa, tukaenda, tukaketi jamvini na kula wali pamoja nao. Wako waliotulaumu kwa kwenda kule. Twawajibu kwamba watu waliomchimbia mama yetu kaburi hawawezi kualika wakakataliwa.

Mwisho wa mwezi ule ndipo ugomvi ulipoingia katika daftari. Katekista alikuwa ameandika: "Amefariki mshirika wetu, amezikwa na watoto wake wanne." Mzee mmoja wa baraza, mtu mwenye bidii sana, akasema si sawa; hili ni daftari la kanisa, na watoto wa kanisa ni wawili. Tukabishana hata magharibi. Mwingine akamwuliza, "Babu yako aliandikwa hapa na nani, naye alikuwa hana hata mtoto mmoja wala ndugu?" Mzee akanyamaza. Neno likabaki kama lilivyoandikwa, wanne. Hata hivyo hatusemi kwamba alishindwa. Woga wake tunaujua. Kisiwa chetu kina watu zaidi ya nusu milioni kwa hesabu ya mwaka 2022, na sisi tu wachache mno kati yao. Mwenye kitu kidogo huhesabu kila siku kama kingalipo. Vijana wetu huolewa nje, au huenda Unguja na Dar es Salaam wasirudi ila Krismasi.

Tuseme kidogo habari za msimu wa karafuu, maana bila huo hamtaelewa mwezi wa kwetu. Karafuu huchumwa kwa mkono, kikonyo kwa kikonyo, kabla ua halijafunuka; kisha huchambuliwa jioni, watoto na wazee wakiwa pamoja, na kuanikwa juani siku kadhaa. Mvua ikizinyeshea, zimeharibika. Basi katika mwaka wa mavuno mengi, nao hauji kila mwaka, mhubiri husema naye watu wake wanatazama dirishani. Wingu likitanda, kwanza hutoka mama mmoja kwa adabu, kisha watatu, kisha mhubiri amebaki na watoto na mpiga kengele. Baraza likaamua kwamba wakati wa msimu ibada ianze alfajiri, kabla jua halijapanda na kabla mikeka haijatandazwa. Waliokuwa wakitoka katikati ya mahubiri sasa wanabaki hata baraka ya mwisho, nasi tumejifunza kuhubiri kwa ufupi. Sadaka nayo huja kwa pishi za karafuu, hukaushwa penye uwanja wa kanisa, na kuuzwa katika kituo cha Shirika la serikali kama karafuu za mtu mwingine yeyote.

Msimu huo pia huleta majina mabaya katika daftari, kwa sababu mkarafuu ni mti mrefu na tawi lake huvunjika bila kutoa onyo. Hakuna msimu usio na mtu aliyeanguka.

Ukurasa mmoja wa daftari hatuusomi tena hadharani, lakini yeyote huweza kuuomba. Ni wa Septemba 2011. Tarehe 10 ya mwezi ule, usiku, siku chache baada ya Idi, meli ya MV Spice Islander ikitoka Unguja kuja Pemba ilizama upande wa Nungwi, imejaza watu kupita kiasi, na watu kwa mamia wakapotea. Mwezi ule hapakuandikwa sadaka wala ubatizo. Yameandikwa majina ya nyumba tu, nyumba za jirani zetu, moja baada ya moja, na pembeni yake jina la mshirika aliyekwenda kuketi matanga pale. Nyumba nyingine zimeandikwa mara mbili. Hapana aliyeuliza kama nyumba hizo ni za daftari la kanisa au si zake. Mzee yule yule tuliyemtaja ndiye aliyeandika nusu ya ukurasa kwa mkono wake.

Limebaki jambo la sanduku la mazishi, nalo tunalileta mbele yenu kwa kuwa tunataka shauri. Kila mshirika hutoa kidogo kila mwezi. Wenyeji wa Pemba huzikwa hapa hapa, gharama yake ni sanda, mbao na chakula. Walakini ndugu zetu wa bara, askari na waalimu na matabibu waliohamishiwa kwetu, wakifiwa hutaka kumsafirisha maiti nyumbani kwao, kwa boti na kisha kwa gari hata Mwanza au Songea, na safari moja humaliza sanduku. Wazee husema, azikwe hapa, sisi ni ukoo wake. Wao hujibu kwamba wao wanao ukoo, nao unangoja nyumbani. Neno hili lawaumiza wazee wetu zaidi ya gharama, nao hawasemi kwa nini. Sisi twaona sanduku ligawanywe mawili, la mazishi ya hapa na la safari, na mtu achague anapoandikwa. Lakini baraza halijakubaliana, na tumeahirisha mara tatu.

Tunaomba mwenye kanisa lililokwisha kulikata shauri jambo hili atuone leo baada ya chakula. Boti yetu huondoka kesho asubuhi, na Jumapili ni siku ya kusoma daftari.