Miguu Ikupeleke Darasani Kwanza

(Maneno haya tuliyasema mbele ya vijana na wazazi hapa Keroka. Tunayachapisha kwa sababu wengi waliomba nakala.)



Sisi wa kamati ya maendeleo hatukuja kuhubiri, kazi hiyo ina wenyewe. Tumekuja kuongea juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi, ukae upande wa Kisii au upande wa Nyamira: kijana anayejua kukimbia afanye nini na miguu yake?

Tuanze na lililotuuma. Familia moja ya hapa kwetu iliuza ng'ombe wawili na kukodisha shamba la majani chai ili kumlipa mtu aliyeahidi nafasi ya chuo huko Marekani. Kijana akaacha shule kidato cha tatu, ati ajitayarishe kwa mazoezi. Yule mtu alipokwisha kupokea pesa alibadilisha namba ya simu. Leo kijana anaendesha boda boda. Boda boda si aibu, ni kazi ya halali, lakini siyo aliyoahidiwa. Na sisi wenyewe tulikosa. Habari hiyo tuliisikia mapema, tukanyamaza tukisema ni mambo ya nyumba ya watu. Ndiyo maana leo hatunyamazi.

Ndugu zetu, njia ya kutoka shuleni hadi chuo, na kutoka chuo hadi riadha ya kulipwa, siyo hadithi. Watu wa Gusii wameipita. Hebu tuwakumbuke.

Mzee wetu Nyandika Maiyoro alikimbia mita 5,000 katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 akawa wa saba. Mwaka 1960 huko Roma akawa wa sita. Siku zile riadha ilikuwa ya ridhaa: ulikimbia, ukapigiwa makofi, ukarudi nyumbani. Chuo hakikumwita na mbio hazikumlipa.

Baadaye mlango ulifunguka kidogo. Mwaka 1972 huko Munich, Kenya ilishinda dhahabu ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne. Waliokimbia ni Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Robert Ouko na Julius Sang. Watatu wa kwanza ni watoto wa Gusii. Ouko na Sang walisoma chuo cha North Carolina Central huko Marekani, chini ya kocha LeRoy Walker. Pesa za mbio bado hazikuwepo, lakini Ouko alipomaliza kukimbia hakubaki mikono mitupu. Alikuja kuwa katibu wa chama cha riadha cha Kenya. Mnaona? Miguu ilipochoka, kichwa kiliendelea na safari.

Halafu akaja Yobes Ondieki, mzaliwa wa Kisii mwaka 1961. Huyu ndiye tunayetaka vijana wamtazame vizuri. Katika miaka ya 1980 alikwenda chuo cha Iowa State, mahali penye theluji na baridi ambayo hata asubuhi ya Julai hapa kwetu haiwezi kufananishwa nayo. Mwanafunzi wa mbio huko anashindana misimu mitatu kwa mwaka: mbio za nyika, mbio za ndani ya ukumbi wakati wa baridi, na mbio za uwanjani. Na katikati ya hayo yote kuna darasa na mitihani. Alama zikianguka, hukimbii.

Sasa sikilizeni alivyopanda. Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 alifika fainali ya mita 5,000, akawa wa kumi na mbili. Wengine wangesema, basi, yamekwisha. Yeye mwaka 1989 alimshinda Said Aouita wa Moroko, mtu aliyekuwa akiogopwa na wote. Mwaka 1991 huko Tokyo, kwenye joto kali, alitoka mbele mapema, akawaacha wenzake, akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1992 huko Barcelona akawa wa tano. Tena akaanguka, tena akainuka. Tarehe 10 Julai 1993, mjini Oslo, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 sekunde 58 nukta 38. Ni binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27. Siku tano kabla, Mkenya mwenzake Richard Chelimo alikuwa ameweka rekodi ya 27:07.91. Pigeni hesabu: mizunguko 25, kwa wastani kila mmoja chini ya sekunde 65, bila kupumzika.

Tangu Seoul hadi Oslo ni miaka mitano. Na kabla ya Seoul kulikuwa na miaka ya chuo. Kijana wa miaka kumi na saba anayetaka pesa mwezi ujao, ahesabu miaka hiyo kwanza.

Tena pesa zenyewe zimekuja pole pole. Shirika la riadha la dunia liliruhusu wanariadha kuwekewa fedha katika mfuko maalum mwaka 1982. Ondieki aliposhinda Tokyo, mashindano ya dunia hayakuwa na zawadi ya pesa. Ilianza kutolewa mwaka 1997. Leo zipo, ni kweli, lakini wanaozipata ni wale wachache wa mbele kabisa. Na msuli ukichanika, hakuna anayekulipa kwa sababu uliwahi kuwa na mbio. Cheti cha chuo hakichaniki msuli.

Basi, kwa vijana na wazazi, tunaomba mambo haya:

1. Usiache shule. Chuo cha Marekani kinatazama alama zako za sekondari na Kiingereza chako kabla hakijatazama saa ya kocha. Anayekwambia uache kidato cha tatu ili upate chuo anakufungia mlango huo huo.

2. Usikimbilie pesa za barabarani mapema. Vyuo vina kanuni zao juu ya zawadi, na pia juu ya miaka unayoshindana nje baada ya kumaliza shule. Uliza kwanza, pokea baadaye.

3. Andika muda wako. Uwe ni wa mashindano ya shule yanayojulikana, siyo wa mazoezi uliopimwa na rafiki. Kocha wa kweli atauliza ulikimbia wapi na lini.

4. Nafasi ya masomo ya riadha haiuzwi. Kuna gharama za pasi, viza na mitihani, hizo ni halali na zina risiti. Lakini mtu akidai laki kadhaa mkononi ili "akuweke kwenye listi", huyo ni mwizi hata akija na tai.

5. Wasichana wasisahauliwe. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ilikataza shule zinazopata fedha za serikali kuwabagua wanawake, na kwa hiyo vyuo vikaanza kuwapa nafasi za michezo wao pia. Baba, huyo binti anayekimbia kwenda mtoni na kurudi, umewahi kumpima?

Kwa upande wetu, tumekubaliana hivi. Yeyote atakayepata barua au ujumbe wa chuo, aulete ofisi ya parokia kabla hajatoa hata shilingi. Walimu wawili wamejitolea kuisoma na kukiandikia chuo chenyewe moja kwa moja. Hatutoi pesa, maana hatuna. Tunatoa macho. Yale ya mwaka ule, tulipoona tukanyamaza, hatutaki yarudi.

Mtume Paulo alifananisha maisha ya imani na mbio uwanjani, na alijua kwamba anayeshindana hujizuia katika mambo mengi. Vijana wetu, mbio mnazo, hilo hatuna shaka. Kesho asubuhi kimbieni. Halafu mkioga, nendeni darasani.